Vibao 30 vilivyopasuka Dodoma: kazi za mbao na kashata za kuanza nazo nyumbani



Nina picha moja kwenye simu sijaifuta mpaka leo, mwaka wa tatu huu. Ni kibao cha kukatia mboga, kimepasuka kuanzia kichwani mpaka katikati, ufa wa kuingiza kidole. Chini ya picha mteja kaandika: "Dada, hiki ni kibao au ni mtego wa panya?" Kibao hicho nilikitengeneza mwenyewe, kwa mikono yangu, na vingine 29 vilikuwa dukani kwake vinafanya hivyo hivyo.

Naandika hii kwa sababu naona watu wengi mnauliza, nina mtaji mdogo, nitengeneze nini nyumbani nikauze mtandaoni? Na majibu mnayopewa ni mepesi mno. Chonga kibao, pika kashata, piga picha, weka stetasi, hela hiyo. Mimi nimepita huko. Kazi za mbao na za jikoni zinalipa kweli, ila kuna mambo ambayo hakuna mtu aliniambia, nikaja kuyajua kwa hela ya mama yangu.

Nilimaliza kidato cha nne 2016, matokeo hayakunipeleka popote. Kwetu ni Ruangwa, ila duka nimefungua Nachingwea. Duka la kawaida tu, sukari, sabuni, vocha, madaftari. Mwaka 2021 nikaanza kuuza mtandaoni vitu vya nyumbani vya mbao. Nilikuwa nachukua kwa mafundi naongeza cha juu. Baadaye nikajiuliza, kwa nini nisitengeneze mwenyewe faida yote ibaki kwangu? Kibao si kipande cha mbao tu? Unakata, unapiga msasa, basi.

Mwaka 2022 mama alikuwa ameuza ufuta. Nikamwomba 200,000. Akanipa kwa sharti moja, iwe imerudi kabla ya palizi ya Januari, maana ndo hela ya vibarua. Nikasema mama, Januari mbali, mimi Septemba nitakuwa nimeshakupa.

Nikapata oda ya dada mmoja wa Dodoma mwenye duka la vyombo. Vibao 30 kwa 8,000, jumla 240,000, nusu katanguliza. Jirani alikuwa ameangusha mwembe wake mkubwa, akanipasulia mbao kwa 60,000. Nikaona nimeokota embe chini ya mnazi. Siku 19 nakata na kupiga msasa mpaka vidole vinachubuka. Nikapaka vanishi, vikang'aa kama vioo. Nikatuma Agosti.

Wiki ya tatu ikaja ile picha.

Nikarudisha ile 120,000 ya mteja yote. Kuna watu waliniambia mzungushe, mwambie kaviweka juani. Sikuweza, maana nilikuwa nimebakiza kibao kimoja cha kwangu jikoni na chenyewe kilikuwa kimeshaanza kupinda. Hesabu ikawa hivi: mbao 60,000, kurandisha mashineni 30,000, msasa 18,000, vanishi 24,000, kutuma mzigo 25,000, nauli zangu za huku na huku 12,000. Jumla 169,000 imekwenda. Kwenye hela ya mama nikabaki na 31,000.

Halafu usiku mmoja nikakaa nikapiga hesabu nyingine ambayo iliniuma zaidi. Tuseme hakuna kilichopasuka, dada kalipa 240,000 yote. Toa 169,000, inabaki 71,000. Gawa kwa siku 19. Ni kama 3,700 kwa siku. Yaani hata kama kila kitu kingeenda sawa, nilikuwa najiajiri kwa hela ambayo kibarua wa kawaida angeikataa. Na sikuwa najua, kwa sababu kwenye daftari langu hakukuwa na mstari wa kazi yangu mwenyewe. Nilikuwa nimejiandikia mimi ni bure.

Mama sikumwambia. Miezi miwili nikawa nakwepa kwenda nyumbani.

Mjomba na mizani

Sisi Wamwera mjomba ndo mtu wa kumpelekea aibu yako kabla haijafika mbele. Mjomba wangu ni fundi seremala Ruangwa, kazi anaijua tangu sijazaliwa. Oktoba nikapanda gari nikaenda na kibao kimoja kilichopasuka kwenye mfuko.

Nikamwamkia, shikamoo mjomba. Marahaba mpwa wangu. Akakitoa kibao, akakigeuza, akakinusa. Akauliza mti uliangushwa lini. Nikasema Julai. Akacheka mpaka akakaa chini.

"Umepika nyama ng'ombe bado anatembea," akasema.

Alinieleza hivi, nawaeleza na ninyi. Mti ukikatwa umejaa maji. Yale maji yanatoka taratibu, na kadiri yanavyotoka mbao inanywea. Hainywei sawasawa: kwa urefu hainywei karibu kabisa, kwa upana inanywea sana. Na kwenye vichwa vya mbao, pale ulipokata, maji yanatoka haraka kuliko katikati. Vichwa vinataka kunywea, katikati bado haijawa tayari, lazima kitu kiachie. Ndo ule ufa. Ukichukua mbao mbichi ukaipeleka Dodoma kwenye hewa kavu, umeiharakishia tu. Na vile vibao vyangu vilivyopasuka vibaya zaidi vyote vilikuwa na kiini, yaani ule moyo wa mti katikati. Mjomba anasema mbao yenye kiini itapasuka tu, leo au kesho, iweke pembeni ufanyie kuni.

Sasa utajuaje mbao imekauka? Yeye anajua kwa kugonga na kusikiliza. Mimi sina sikio hilo. Ila nikamwambia mjomba, dukani nina mizani. Akafikiri kidogo akasema basi itumie hiyo.

Na hii ndo siri ninayowapa bure. Kwenye rundo lako la mbao chagua kipande kimoja, kiandike namba, kipime kila Jumapili na uandike. Kipande changu cha kwanza cha mwembe kilianza na gramu 2,340. Kila wiki kinashuka. Mwanzoni kinashuka kwa fujo, baadaye kidogo kidogo. Wiki ya 15 kikagoma kwenye 1,520, wiki ya 16 pale pale, ya 17 pale pale. Hapo ndo imekauka kwa hewa ya kwako. Karibu gramu 800 za maji, kwenye kipande kimoja! Ndo nilikuwa nawauzia watu maji.

Wakati inakauka usiilaze chini. Panga mbao kivulini, kila moja itenganishwe na mwenzake kwa fito nyembamba zinazolingana, upepo upite, na juu weka kitu kizito zisipinde. Vichwa vya mbao vipake rangi iliyobaki au nta ili maji yasikimbilie huko. Hii haigharimu kitu. Inachogharimu ni subira, na kama huna subira nunua mabaki kwa fundi wa samani. Mafundi wa vitanda na makabati wanabakiza vipande vya mninga na mkongo ambavyo vilishakauka zamani, wengine wanavichoma. Mninga haucheziki, ukikauka umetulia. Mimi mpaka leo mbao zangu nyingi ni mabaki ya namna hiyo. Pia inakuepusha na mambo ya nyaraka, maana ukianza kununua mbao kwa mtu porini na kuzisafirisha bila vibali vya misitu, mzigo unakamatwa na wewe pamoja nao.

Kibao ninachotengeneza sasa sio kipande kimoja kipana. Ni vipande vyembamba vya sentimita nne au tano, vimeunganishwa kwa gundi ya mbao inayostahimili maji, vikabanwa usiku kucha. Kama huna vibanio, funga kamba ya mpira wa baiskeli uikaze kwa kijiti. Angalia kichwa cha kila kipande utaona mistari imejikunja kama upinde. Kimoja upinde uangalie juu, cha pili uangalie chini, cha tatu juu. Hapo kila kipande kikitaka kupinda mwenzake anamrudisha.

Na vanishi acha. Kisu kinaikwangua inaingia kwenye chakula. Mjomba alinifundisha nta ya nyuki na mafuta ya nazi. Sehemu moja nta, sehemu nne mafuta, unaweka kwenye kopo, kopo unaliweka ndani ya sufuria ya maji ya moto mpaka iyeyuke. Usiweke nta moja kwa moja jikoni, inashika moto. Paka ikiwa ya vuguvugu, acha usiku, asubuhi futa kwa kitambaa. Mteja mwambie arudie kila baada ya miezi michache na asikiloweke kibao kwenye maji.

Kama hata hicho unaona kigumu, anza na upawa wa kifuu. Hapa Nachingwea nazi zinatoka pwani, Lindi huko, lakini vifuu viko kila nyumba na vinatupwa. Kifuu kizuri ni kile kilichopasuka nusu kwa nusu. Kwangua nyuzi kwa kisu, malizia na msasa mpaka kiwe laini nje na ndani. Pasha msumari mkubwa motoni, toboa matundu mawili yanayotazamana karibu na mdomo, pitisha mpini wa mti mkavu uliochongwa uingie kwa kubana. Hauhitaji gundi wala msumari. Kwa siku nafanya 12 bila kuchoka, nauza 2,000. Kitu cha bibi zetu, lakini watu wa Dar wanakipenda kuliko chochote kwenye ukurasa wangu, sijui kwa nini. Labda wanakumbuka nyumbani.

Fremu iliyoniokoa

Turudi Oktoba. Nina 31,000, nina mbao mbichi ambazo hazifai mpaka mwakani, na Januari inakuja. Nikasema wacha nipike kashata, karanga hatuna shida nazo huku. Tatizo la kashata kila mtu anajua: moja kubwa, moja ndogo, moja imevunjika pembe. Mtu wa mtaani anachagua kubwa anaondoka. Mteja wa mtandaoni hachagui, anatumiwa, na akipata ndogo anasema kaibiwa.

Mjomba ndo akanitengenezea fremu nikiwa nimekaa pale pale, dakika 20 hazikufika. Fito nne za mninga, kimo chake sentimita moja, ndani urefu sentimita 40 na upana 30. Kingo zake juu kazichora kwa msumeno alama kila baada ya sentimita tano. Basi. Unaweka fremu juu ya ubao mpana uliopakwa mafuta kidogo, unamwaga kashata, unasawazisha kwa chupa, unaweka rula ya mbao kwenye alama unakata. Nane kwa sita, vipande 48, vyote ndugu. Hii kila mtu anaweza kujitengenezea nyumbani akiwa na msumeno na misumari minane, ila hakikisha pembe ziko mraba. Pima kona kwa kona, na zile kona nyingine mbili, vipimo viwe sawa. Visipokuwa sawa fremu imelala upande na vipande vya mwisho vitakuwa na sura ya mkeka uliovutwa.

Kwa fremu hiyo natumia karanga robo tatu kilo zilizokwisha kukaangwa na kupepetwa, na sukari nusu kilo. Karanga zikaange kwa moto mdogo, sugua maganda, pepeta, kisha zipondeponde ziwe nusu nusu, zisiwe unga. Sukari na maji robo kikombe weka kwenye sufuria nzito, matone machache ya limau ili sukari isirudi kuwa chenga. Ikishayeyuka usikoroge tena. Inachemka, inakuwa nzito, inaanza rangi ya dhahabu. Dondosha tone kwenye maji ya baridi, likiwa gumu na linakatika kwa meno, tayari. Weka iliki, mwaga karanga, geuza haraka, mwaga kwenye fremu. Una dakika kama tano za kukata. Ukipitiliza zinavunjika kama vigae. Ukiwahi sana zinarudi kushikana. Mimi fremu tatu za kwanza nilikula na watoto wa jirani.

Masika kashata zinanata, hewa ina maji. Zifunge siku hiyo hiyo zikishapoa, usiziache usiku. Tumia vifungashio vya chakula, sio ile mifuko ya plastiki ya kubebea ambayo ilipigwa marufuku Juni 2019. Juu yake andika uzito, tarehe uliyopika, namba yako, na andika wazi kwamba kuna karanga, wapo watu karanga zinawadhuru.

Haya, hesabu, kwa bei za dukani kwangu wiki hii. Karanga nanunua kilo nzima 3,500, maana ukitoa mbovu na maganda inabaki hiyo robo tatu. Sukari 1,500. Iliki 300, mkaa 500, vifungashio vinne 800. Jumla 6,600. Kazi yangu saa mbili, najilipa 1,000 kwa saa, 2,000. Sasa ni 8,600. Natoa pakiti nne za vipande 12, kila moja 3,000, ni 12,000. Faida 3,400, na ile 2,000 ni mshahara wangu, naitenga. Nauli ya kifurushi analipa mteja na namwambia kabla hajalipa chochote, maana nauli ya kushtukiza ndo inaua oda nyingi kuliko bei.

Mtu akikuambia hiyo 2,000 uitoe ili uuze rahisi, muulize yeye anafanya kazi kwa nani bure.

Karanga mbovu sio hasara, ni hatari

Niliposema natoa mbovu sikuwa na maana ya kupendezesha. Karanga iliyosinyaa, iliyobadilika rangi, yenye ukungu au ladha chungu inaweza kuwa na sumukuvu, sumu inayotengenezwa na fangasi. Na mahindi pia. Mwaka 2016 watu walifariki Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumu hiyo. Haionekani kwa macho sikuzote, na kukaanga hakuiondoi. Usijidanganye kwamba moto umeua. Kwa hiyo unachofanya ni kuzuia mwanzoni: nunua karanga zilizoanikwa vizuri, chambua moja moja kwa mkono kwenye mwanga kabla ya kukaanga, na usiweke gunia chini kwenye sakafu. Tengeneza chaga ya mabaki ya mbao, fito nne na mbao tano juu, kimo cha kiganja, gunia likae juu na lisiguse ukuta. Hiyo ni kazi ya mbao ya saa moja na ndo muhimu kuliko zote nilizotaja.

Mimi nachukua zile za Pendo nikizipata, ni mbegu iliyotoka kwenye kituo cha utafiti cha Naliendele, Mtwara. Mwaka 2009 walitoa nyingine, mojawapo wakaipa jina la Nachingwea. Nikiandika hilo kwenye maelezo ya bidhaa watu wanafurahi.

Zile mbovu usizisage siagi ya karanga ukasema haitaonekana. Na kuku usiwape. Tupa. Ndo maana kwenye hesabu nimeandika kilo nzima.

Mtaniuliza korosho je, maana tunatoka kwenye korosho. Korosho zilizokwisha kubanguliwa nunua, kaanga na chumvi, funga, uza, haina shida. Kubangua mwenyewe kwa kujaribu jaribu sikushauri, mafuta ya ganda yanababua ngozi na moshi wake ukichoma maganda sio wa mchezo. Na korosho ghafi usianze kuzinunua kwa watu kwa bakuli. Hiyo ndo kangomba, korosho ghafi zinauzwa kwenye mnada kupitia vyama vya msingi, utaingia matatani kwa ajili ya kilo tano.

Nitumie kwangu kwanza

Tangu yale ya Dodoma nina utaratibu mmoja. Bidhaa mpya yoyote inakaa nyumbani kwangu mwezi mzima inatumika, inalowa, inaanguka, inapigwa na jua la dirishani. Kashata naziacha kabatini nafungua moja kila wiki naonja. Nyingine moja naituma kwa rafiki yangu Dodoma na moja Dar, kwa gharama yangu, niwasikie. Mwezi mzima bila kuuza inaonekana ni kupoteza muda.

Lakini sisi wa Nachingwea tunaishi juu ya mfano wenyewe. Baada ya vita kuu ya pili Waingereza walikuwa na shida ya mafuta ya kula. Mwaka 1946 wakaleta timu kukagua Tanganyika, ikakaa kama wiki tisa tu, na mwaka uliofuata wakaanza mradi wa karanga Kongwa, halafu Urambo na hapa kwetu. Mpango ulikuwa ekari zaidi ya milioni 3. Wakaleta matrekta, hadi vifaru vya vita wakavigeuza matrekta, wakajenga bandari Mtwara na reli ya kuja mpaka Nachingwea. Kule Kongwa mvua ikakataa na udongo ukakauka ukawa kama saruji, karanga zikagoma kutoka ardhini. Mwaka 1951 wakaufuta, hasara pauni milioni 36 na zaidi. Reli yenyewe ilifungwa miaka ya 1960 ikang'olewa. Na karanga zinakubali hapa vizuri tu, mama yangu analima kwa jembe la mkono. Wenye pauni milioni 36 hawakujaribu shamba dogo kwanza, na mimi mwenye 200,000 ya ufuta nikafanya vile vile, vibao 30 kabla sijatumia hata kimoja.

Ukishaanza kuuza chakula kwa wingi, nenda SIDO. Mkoa wa Lindi ipo. Wanafundisha usindikaji na vifungashio, na ndo wanaokuandikia barua ya kukutambulisha TBS kama mjasiriamali mdogo, maana mambo ya vyakula yote yalihamia TBS mwaka 2019. Usisubiri mpaka duka kubwa likuulize alama ndo uanze kukimbia. Mimi nilisubiri, nikakosa oda.

Kuhusu picha na video sina mengi. Kitu kimoja tu: video ya rula ikikata kashata kwenye fremu, sekunde 15, bila muziki, ule mlio wa kisu, imeniletea wateja kuliko matangazo yote niliyowahi kulipia.

Sasa mama. Desemba nilienda nyumbani nikamwambia ukweli wote, nikamwonyesha ile picha na daftari. Alikaa kimya muda mrefu. Akaniuliza, "Mjomba wako alijua lini?" Nikasema Oktoba. Hicho ndo kilimuuma, sio hela. Nilikuwa nimepika fremu 20 kufikia hapo, nikampa 120,000, pungufu 80,000. Vibarua wakatosha nusu ya shamba. Januari ile mvua haikuwa na huruma, na ekari moja ya ufuta ilizidiwa na majani hatukuvuna kitu cha maana. Zile 80,000 nilimaliza kulipa Aprili. Ekari ile sijaweza kuilipa, na yeye hajawahi kunidai.

Yule dada wa Dodoma nilimtumia ujumbe mwaka uliofuata, mwembe ulipogoma kwenye mizani, nikamwambia nina kibao kimoja nataka kukutumia bure, ukae nacho miezi mitatu. Alichelewa kujibu. Akakubali. Mwezi wa nne akaagiza sita, sio 30, sita, na akasema hatangulizi hata shilingi mpaka avione. Nikatuma.

Wiki hii kwenye mizani nina kipande namba 9, cha mkorosho mzee uliong'olewa shambani kwa mama. Jumapili iliyopita kilikuwa gramu 1,905, kabla yake 1,960. Bado.